SOMO LA USALAMA KAZINI: MILANGO ILIYOACHWA WAZI, NANI ABEBE LAWAMA?



Ajali inapotokea kiwandani au shambani, maneno ya aina mbili husikika upesi, hata kabla majeruhi hajafikishwa hospitali. La kwanza ni "bahati mbaya". La pili ni "uzembe wa mfanyakazi". La kwanza maana yake ni kwamba hakuna wa kulaumiwa. La pili maana yake ni kwamba wa kulaumiwa ni yule aliyekuwa karibu na mashine. Yote mawili humfaa mwajiri kwa jambo moja: uchunguzi huishia hapo hapo.

Katika somo hili tutaichunguza ajali kubwa ya meli ya abiria, Herald of Free Enterprise, feri ya Waingereza iliyopinduka nje ya bandari ya Zeebrugge, nchini Ubelgiji, tarehe 6 Machi 1987. Watu 193 walikufa. Tumeichagua kwa sababu ilichunguzwa hadharani. Mashahidi waliulizwa maswali na barua za ofisini zilisomwa mbele ya jaji. Kwa hiyo tunaweza kupanda ngazi moja moja, kutoka kwa baharia wa chini mpaka kwa wakurugenzi, tukaona kila mmoja alikuwa na sehemu gani. Somo hili yafaa lisomwe kwa sauti kwenye mkutano wa tawi, na maswali ya mwisho yajadiliwe na wote.

1. MELI ILIPINDUKAJE

Herald ilikuwa meli ya kuvusha watu na magari kati ya Uingereza na bara la Ulaya. Meli za aina hii zina milango mikubwa mbele na nyuma. Malori huingia kwa mlango mmoja, na yakifika ng'ambo hutokea kwa mlango wa pili bila kugeuza. Ndani yake, sitaha ya magari ni ukumbi mmoja mrefu kama ghala, usio na kuta za kuukatiza. Hiyo ndiyo faida yake, maana kazi ya kupakia na kupakua huenda haraka. Hiyo ndiyo hatari yake pia, kama tutakavyoona.

Jioni ile meli ilikuwa na abiria 459 na wafanyakazi 80. Upepo ulikuwa mdogo na bahari imetulia. Abiria wengi walikuwa Waingereza waliovuka kwa matembezi ya siku moja, kwa tiketi rahisi zilizotangazwa na gazeti. Meli iliondoka gatini saa 1 na dakika 5 usiku, kwa saa za Ubelgiji. Milango ya mbele ilikuwa wazi.

Tena, sehemu ya mbele ya meli ilikuwa imeinama. Herald ilijengwa kwa ajili ya safari za Dover na Calais, ambako magati yalikuwa na njia mbili za kupakia magari, ya juu na ya chini. Gati la Zeebrugge lilikuwa na njia moja tu. Ili magari yaweze kuingia sitaha ya juu, ilibidi matangi ya mbele yajazwe maji meli ishuke. Pampu iliyokuwamo ilichukua muda mrefu kuyatoa maji hayo, na meli iliondoka kabla hayajaisha.

Ndani ya bandari mwendo ulikuwa wa pole, na maji hayakufika mlangoni. Meli ilipotoka nje mwendo ukaongezwa, wimbi la mbele likapanda, na bahari ikaingia kwenye sitaha ya magari kwa wingi mno. Chukueni sinia pana, mtie maji kidogo, kisha mjaribu kulibeba. Mkono ukiinama kidogo tu, maji yote hukimbilia upande mmoja na sinia linawatoka. Ndivyo ilivyokuwa. Dakika 4 hivi baada ya kutoka mlango wa bandari, meli ililala upande wake wa kushoto juu ya fungu la mchanga, nusu yake ikiwa juu ya maji. Hapakuwa na nafasi ya kushusha boti za kuokolea watu. Wengi walinaswa ndani, gizani, katika maji ya baridi kali. Kati ya waliokufa, 38 walikuwa wafanyakazi wa meli.

2. NGAZI YA KWANZA: ALIYELALA

Kazi ya kufunga milango ya mbele ilikuwa ya msaidizi wa serahangi. Serahangi ni kiongozi wa mabaharia wa sitaha, kama nyapara alivyo shambani. Siku ile msaidizi alikuwa amefanya kazi za matengenezo na usafi, na serahangi alikuwa amemruhusu akapumzike. Alikwenda chumbani kwake, akalala. Kipaza sauti kilipotangaza kwamba kila mtu aende mahali pake pa kazi kwa ajili ya kuondoka, hakusikia. Alikuja kuamka pale meli ilipokuwa inapinduka, akatupwa kutoka kitandani.

Serahangi mwenyewe alikuwa mtu wa mwisho kutoka kwenye sitaha ya magari. Hakumwona mtu yeyote wa kufunga milango, na hakuifunga yeye. Alipoulizwa alijibu kwamba kufunga milango hakujapata kuwa kazi yake.

Ndugu, tusikimbilie kuwatetea hawa kwa sababu tu ni wafanyakazi wenzetu. Aliyelala alikosa, na mbele ya uchunguzi alikiri kosa lake bila kujificha. Aliyepita penye mlango wazi akaendelea na shughuli zake naye alikosa. Umoja wa wafanyakazi si kufichiana makosa. Mwenzako akizembea kwenye mashine, anayekatika mkono huenda ukawa ni wewe.

Hata hivyo, swali halijaisha. Mtu kuchoka na kupitiwa na usingizi si jambo geni duniani. Je, ni nani aliyepanga kazi hata uhai wa watu 539 ukategemea jicho la mtu mmoja, na jicho hilo likifumba asiwepo wa kujua?

3. NGAZI YA PILI: MAAFISA NA NAHODHA

Tangu mwaka 1984 palikuwa na amri ya maandishi kwamba afisa anayesimamia upakiaji ahakikishe milango imefungwa. Jioni ile afisa huyo alikuwa afisa wa kwanza wa meli. Lakini amri nyingine ilimtaka awe kwenye chumba cha usukani dakika 15 kabla ya kuondoka. Mtu mmoja hawezi kuwa mahali pawili. Basi ikazoeleka kwamba afisa akiona mtu wa milango amefika mahali pake, yeye huondoka kwenda juu. Siku ya ajali afisa aliamini amemwona msaidizi wa serahangi anakuja. Akaondoka.

Nahodha naye alikuwa juu, na kutoka pale hakuweza kuiona milango ya mbele. Hapakuwa na taa yoyote mbele yake ya kumwambia kama imefungwa au iko wazi. Kwa utaratibu uliokuwapo, kama hakuna aliyemletea habari ya kasoro, alihesabu kwamba meli iko tayari. Yaani kunyamaza kulihesabiwa kuwa ni jibu jema.

Tusimame hapa kidogo, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha ajali. Mtu aliyelala hawezi kupeleka habari kwamba amelala. Utaratibu unaochukua kimya kuwa ndiyo utafanya kazi kila siku, isipokuwa siku ile moja ambayo unahitajika.

Jaji aliona kwamba nahodha alikosa kwa kuondoka bila kujua hali ya milango yake. Ni kweli. Ila nahodha huyu hakuubuni mtindo huo. Manahodha wengine wa meli za kampuni walifanya vivyo hivyo, na ofisi haikuwazuia.

4. NGAZI YA TATU: OFISI ILIYOKO NCHI KAVU

Meli ilikuwa mali ya Townsend Car Ferries, kampuni iliyojulikana na wasafiri kwa jina la Townsend Thoresen. Wakurugenzi wake hawakuwamo melini usiku ule. Hakuna hata mmoja wao aliyepaswa kubonyeza swichi ya mlango. Je, hawamo katika lawama? Tuangalie yale yaliyosomwa mbele ya uchunguzi.

(a) Onyo la 1983. Mwezi Oktoba 1983, meli nyingine ya kampuni hiyo hiyo, Pride of Free Enterprise, iliondoka Dover milango yake ikiwa wazi. Huko nako msaidizi wa serahangi alikuwa amelala. Ilipata kutokea si chini ya mara 5 kwamba meli ya kampuni iondoke na mlango wazi. Matukio mengine yalijulikana ofisini, lakini manahodha wa meli nyingine hawakuambiwa. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ulionekana, na aliyeuona akanyamaza.

(b) Taa za ishara. Mwaka 1985 nahodha mmoja wa kampuni aliandika barua akiomba pawekwe taa kwenye chumba cha usukani za kuonyesha kama milango imefungwa. Barua ilizunguka kwa wakubwa ofisini, na waliyoandika juu yake yalikuwa ni mzaha: kwamba yuko mtu anayelipwa kwa kazi hiyo, na je, inatakiwa taa ya kuonyesha kama mtu huyo yu macho na hajalewa? Taa hazikuwekwa. Baada ya watu 193 kufa, ziliwekwa kwenye meli zilizobaki za aina hiyo kwa muda wa siku chache tu.

(c) Pampu. Iliombwa pampu yenye nguvu zaidi ya kutoa maji ya matangi, ili meli isiondoke imeinama. Bei yake ilikadiriwa kuwa pauni 25,000. Kampuni iliona ni ghali mno.

(d) Watu wachache, haraka nyingi. Katika safari za Calais nahodha alikuwa na maafisa 3 wa sitaha. Katika safari za Zeebrugge kampuni ilimpa 2, kwa hoja kwamba safari ni ndefu na wanapata muda wa kupumzika. Wakati huo huo, mwezi Agosti 1986, msimamizi wa shughuli za Zeebrugge aliwaandikia wenzake kwamba maafisa wasukumwe, meli zitoke mapema, na kuchelewa kusikubaliwe. Watu wamepunguzwa, mwendo umeongezwa. Mfanyakazi wa kiwanda chochote anaujua wimbo huo.

(e) Abiria kupita kiasi. Manahodha kadhaa waliandika kulalamika kwamba meli zilibeba abiria kuliko idadi iliyoruhusiwa. Malalamiko hayo hayakushughulikiwa inavyopasa.

(f) Kazi zisizoelezwa. Manahodha waliomba kazi na madaraka ya kila mmoja yaelezwe wazi kwa maandishi. Mwaka 1986 jibu la mkurugenzi mmoja lilikuwa kwamba ni afadhali yasielezwe, yaachwe yajitengeneze yenyewe. Sasa kumbukeni jibu la serahangi, kwamba milango haikuwa kazi yake. Neno lile lilisemwa sitahani, lakini mzizi wake ulikuwa ofisini.

5. MAHAKAMA ZILISEMAJE

Jaji Sheen, aliyeongoza uchunguzi, alitoa taarifa yake mwezi Julai 1987. Aliwataja watu watatu kuwa walikosa: msaidizi wa serahangi, afisa wa kwanza na nahodha. Lakini hakuishia hapo. Alisema kwamba makosa ya msingi yalikuwa juu zaidi, na kwamba kampuni nzima, toka juu hadi chini, ilikuwa imeambukizwa ugonjwa wa kutojali. Cheti cha nahodha kilisimamishwa kwa mwaka 1, na cha afisa wa kwanza kwa miaka 2. Kampuni iliamriwa kulipa pauni 350,000 kuchangia gharama za uchunguzi.

Mwezi Oktoba 1987 jopo la raia waliokaa kuchunguza vifo hivyo liliamua kwamba marehemu waliuawa kinyume cha sheria. Ndipo serikali ikafungua mashtaka ya kuua bila kukusudia. Washtakiwa walikuwa 8: kampuni yenyewe, ambayo sasa iliitwa P&O European Ferries (Dover), na watu 7, wakiwamo wakubwa wa ofisini. Kesi ilisikilizwa London mwaka 1990. Mwezi Oktoba mwaka huo Jaji Turner aliagiza kampuni na washtakiwa 5 waachiwe, na kesi ya wawili waliobaki ikaachwa. Hakuna aliyehukumiwa.

Kwa nini? Jambo hili ni gumu kidogo, lakini tulielewe. Jaji alikubali kwamba kampuni inaweza kushtakiwa kwa kuua. Ila kwa sheria ya wakati ule, ili kampuni ipatikane na hatia, ilibidi pawe na mtu mmoja wa juu sana, mtu wa kuhesabiwa kuwa ndiye akili ya kampuni, naye awe na hatia hiyo yeye mwenyewe. Katika kesi hii huyu alipuuza barua, yule alikataa taa, mwingine hakuandika taratibu, mwingine alihimiza haraka. Kila mmoja alishika kipande. Sheria haikuruhusu vipande vijumlishwe. Matokeo yake ni ya ajabu: kampuni ndogo, ambayo mwenyewe ndiye msimamizi, ilikuwa rahisi kutiwa hatiani. Kampuni kubwa yenye ofisi nyingi ilikuwa salama zaidi kadiri madaraka yake yalivyotawanyika.

Waingereza waliibadili sheria hiyo mwaka 2007, na sheria mpya ikaanza kutumika mwaka 2008. Sasa linaloulizwa ni kama jinsi wakubwa wa kampuni walivyopanga na kusimamia shughuli zao ndiko kulikosababisha kifo. Vipande vinaweza kujumlishwa. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 20.

6. KILICHOBADILIKA BAHARINI

Baada ya ajali, kanuni za kimataifa za usalama wa meli zilibadilishwa, na taa za kuonyesha hali ya milango zikawa lazima. Tangu tarehe 1 Julai 1998 meli za abiria za safari za kimataifa zinatakiwa pia kuwa na utaratibu wa usalama ulioandikwa. Kampuni nayo lazima iteue mtu nchi kavu mwenye njia ya moja kwa moja ya kuwafikia wakubwa wa juu kabisa kwa mambo ya usalama. Yaani barua kama ile ya mwaka 1985 isipotee tena kati ya meza za watu wanaotaniana.

Lakini mabadiliko mema hayaji peke yake. Mwaka 1988, mwaka mmoja tu baada ya msiba, P&O ilitaka kupunguza mabaharia wa Dover na kuwarefushia zamu. Mabaharia waligoma. Kampuni iliwafukuza waliokataa masharti mapya, na mahakama ikaweka mali ya chama chao chini ya usimamizi wake. Waliokumbusha habari ya uchovu ndio waliopoteza kazi.

7. BASI, NANI ABEBE LAWAMA?

Tusijibu kwa hasira, wala kwa kumtafuta mtu mmoja. Tupime kwa mizani ya maswali matatu. Nani alikuwa na uwezo wa kuzuia? Nani alikuwa amekwisha kuonywa? Nani alipata faida kwa mambo kubaki yalivyo?

Msaidizi wa serahangi angeweza kuzuia ajali ya usiku ule kwa kuamka. Lakini hakuwa na uwezo wa kuzuia ajali ya mwezi uliofuata, wala ya meli jirani. Uwezo huo ulikuwa wa ofisi, kwa taa chache na amri moja iliyo wazi. Hakupata faida yoyote kwa meli kutoka mapema. Wala barua ya maonyo haikupita mikononi mwake. Nahodha alikuwa na uwezo zaidi, na kwa hiyo lawama zaidi. Wakurugenzi walikuwa na uwezo kuliko wote, walionywa kwa maandishi zaidi ya mara moja, na fedha iliyookolewa ilibaki katika hesabu zao.

Kwa hiyo lawama haina budi kupanda pamoja na madaraka. Kila mtu na sehemu yake, na sehemu kubwa kwa mwenye uwezo mkubwa. Yule wa chini asisamehewe kazi yake, na yule wa juu asijifiche nyuma yake.

8. TUNAJIFUNZA NINI SISI

Hatuendeshi meli, lakini milango iliyo wazi tunaijua. Ni kinga ya mkanda iliyotolewa ili mashine ifanye kazi upesi. Ni bomba la dawa ya kunyunyizia linalovuja mgongoni mwa mpulizaji. Ni lori bovu la breki linalowabeba wachumaji asubuhi. Ni fundi mmoja anayelinda boila mbili usiku. Yafaa basi tuzingatie haya:

Kwanza, onyo litolewe kwa maandishi, lenye tarehe, na nakala ibaki kwa katibu wa tawi. Onyo la mdomo hufa pamoja na aliyelisema. Barua za manahodha hazikuokoa meli, lakini bila barua hizo kampuni ingesema haikujua.

Pili, kimya kisihesabiwe kuwa ni jibu. Kabla mashine haijawashwa, anayehusika aseme kwa kinywa chake kwamba iko tayari, na anayewasha asikie.

Tatu, kazi ya usalama iwe na mwenyewe anayejulikana kwa jina, na pawe na wa kumshika mkono akiugua au akichoka. Msikubali amri mbili zinazomtaka mtu awe mahali pawili. Ziandikeni zote mbili, mzipeleke kwa meneja, mwulize ipi ifuatwe.

Nne, tukio lililokosa kuua lichunguzwe kama lililoua. Mwaka 1983 hakufa mtu, ndiyo maana hakuna aliyejifunza.

Tano, ajali ikitokea, mwakilishi wa wafanyakazi awepo kwenye uchunguzi tangu siku ya kwanza. Asiulize tu nani alikuwa zamu. Aulize zamu ilikuwa ya saa ngapi, watu walikuwa wangapi, kifaa kiliombwa lini, na nani alikataa.

Sita, tuzijue haki zetu. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kwamba mfanyakazi aliyejiondoa mahali pa kazi kwa kuwa na sababu ya haki ya kuamini kuna hatari kubwa iliyo karibu kwa uhai au afya yake, alindwe asiadhibiwe isivyo haki. Mwaka 2022 mkataba huo uliingizwa katika mikataba ya msingi ya shirika hilo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kama uchunguzi ungeishia kwa msaidizi wa serahangi, ni mambo gani yasingejulikana?
2. Serahangi alisema kufunga milango si kazi yake. Mahali penu pa kazi, ni jambo gani la hatari ambalo kila mtu husema si kazi yake? Kwa nini husema hivyo?
3. Tajeni ombi moja la usalama mlilopeleka kwa mwajiri. Lilipelekwa kwa mdomo au kwa maandishi? Lilijibiwaje? Nakala iko wapi?
4. Mwenzenu akizembea na kuhatarisha wengine, tawi lifanye nini kabla ajali haijatokea?
5. Tafuteni "mlango ulio wazi" mmoja hapo mnapofanya kazi. Nani mwenye uwezo wa kuufunga, na barua yake itaandikwa na nani wiki hii?